Kitoto Kilichovishwa Ngozi ya Mwenziwe

Kavata alikuja kwangu Jumatatu asubuhi bila kupiga hodi, jambo ambalo hajalifanya katika miaka ishirini na sita ya ujirani wetu. Akasimama kwenye mlango wa jiko langu, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui amekiacha wapi. "Homa imerudi," akanambia. "Winrose. Imerudi mara ya tatu."

Nilikuwa nakoroga uji. Nikauacha ukaungua, mimi ambaye naweza kununa wiki nzima kwa ajili ya sufuria iliyoungua. Winrose ni mkaza mwanawe, mke wa Musyoki, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwaka juzi alishika nyingine ikatoka ikiwa na miezi mitano. Tangu hapo Kavata amekuwa akimhesabia wiki kwenye kalenda ya ukutani, kila Jumapili akitoka kanisani anatia alama kwa kalamu nyekundu. Nyumba ile nzima ilikuwa inamngoja mtoto huyo. Na mimi nilikuwa namngoja, msinione hivi.

"Umempa dawa gani?" nikamwuliza.

"Za malaria alimaliza. Duka la dawa wakampa za taifodi, nazo akamaliza. Asubuhi ni mzima, anafagia uwanja. Jioni anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Na jasho, Mama Boga! Shuka nazikamua."

Mama Boga ndiye mimi. Jina langu hasa ni Mejumaa, lakini huku skimu hakuna anayelitumia. Sisi Wadigo tulikuwa hapa, wao Wakamba wakaja wakagaiwa mashamba ya skimu na serikali, na baada ya miaka yote hii tumeshachanganyikana mpaka Kavata anapika samaki wa kupaka kunishinda mimi, na mimi najua kutukana kwa Kikamba. Wengine huniita mkunga. Sizalishi watu. Nazalisha mbuzi.

Na nisiwe na unyenyekevu wa uwongo: hakuna anayenifikia. Kuanzia kwangu mpaka kwa Sanga kule bondeni, mbuzi akishindwa naitwa mimi. Naingiza mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, mafuta ya nazi yakipatikana, yasipopatikana basi. Kitoto kikitoka hakipumui, nakifuta pua kwa kanga yangu nakipuliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Vingapi nimevirudisha hivyo! Malipo yangu ni kipande cha sabuni na heshima, na heshima hiyo nilikuwa naipenda kupita sabuni. Hiyo ndiyo iliyotuponza.

Sasa Kavata alipotaja jasho na homa ya jioni, moyo ulinipasuka paa. Maana Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimeyasikia maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, kutoka kwa Chome.

Chome ni daktari wa mifugo wa wadi yetu, kijana wa Lungalunga, mpole, tena ana adabu zake. Alikuja kwa pikipiki na kisanduku cha barafu nyuma. "Shikamoo, bibi." Marahaba. Akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, akanambia: "Bibi, mbuzi wa huku wote wanapita mikononi mwako. Msimu huu kuna waliotupa mimba?"

"Hakuna," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Mmoja wa Kavata. Alipigwa pembe na mwenziwe."

Akanitazama, akaanza kunieleza habari za brusela. Ugonjwa wa vijidudu, akasema, unamfanya mbuzi atupe mimba, na unamwingia mtu kwa maziwa mabichi, au akishika kondo la nyuma na yale maji ya uzazi kwa mkono mtupu. Mtu akipata, homa inamjia jioni na kumwacha asubuhi, inaondoka na kurudi, jasho linamlowesha, viungo vinamuuma, kila mtu anadhani ni malaria. "Na mja mzito," akasema, "anaweza kupoteza mimba naye." Likaingia sikio hili likatokea lile. Nikamwuliza amesomea wapi na amezalisha mbuzi wangapi kwa mkono wake. Alipotaka kuwatoa damu mbuzi wangu nikamfukuza. Akaniachia glavu, nikazifungia mbegu za mchicha.

Hebu niwaambie ukweli sasa, maana nilishaapa kuusema. Hakukuwa na mmoja. Walikuwa watano.

Wa kwanza alikuwa wangu, jike jeupe niliyemnunua mnadani Taru kabla ya mvua, kiwele kikubwa, macho ya kiungwana. Hakumaliza mwezi kwangu akatupa. Nikafukia juu juu, mbwa wakafukua. Wiki mbili baadaye nikaitwa kwa Sanga, na Sanga akatupa wawili ndani ya siku tatu. Kisha mwingine wangu. Kila mara nilikuwa na neno la kusema: huyu amekula majani ya muhogo, huyu ameruka boriti, huyu ni wa kwanza kushika. Watu wakaniamini. Mimi mwenyewe sikujiamini, lakini ningesema nini? Kwamba mkunga kila anapotia mkono kinatoka kifu? Huku kwetu mwanamke mzee akianza kusemwa hivyo, neno la pili ni uchawi, na la tatu mnalijua.

Wa tano ndiye jike jeusi la Kavata. Alitupa kitoto kilichokaribia kutimia, manyoya kamili, kwato laini, kimekufa. Kavata alilia. Alikuwa anamtegemea jike yule kwa maziwa ya Winrose, maana kliniki walimwambia binti damu ni chache. Na mimi sikuvumilia kumwona analia huku ananitazama usoni. Nikataka kumwonyesha kwamba mkunga bado ni mkunga.

Kule bondeni kwa Alfani palikuwa na kitoto cha siku mbili, yatima, mama yake amegongwa na pikipiki. Nikatuma kiletwe. Nikachukua kisu, nikakichuna kile kitoto kifu cha Kavata, ngozi mbichi inavuja, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha yule yatima. Hii ni kazi ya zamani, bibi yangu aliifanya. Mbuzi hamjui mwanawe kwa macho. Anamnusa, tena ananusa mkiani kwanza. Akisikia harufu ya wake, anamkubali na maziwa hayakatiki. Nikampaka yatima yale maji kichwani na mkiani. Jike jeusi likanusa, likanusa tena, likalia ile sauti ya chini ya kumwita mtoto. Kavata akapiga vigelegele. Mimi nikatembea nyumbani nimejaa kifua.

Lakini jike lilikuwa linapiga teke, kwa hiyo ikabidi mtu akishike kitoto asubuhi na jioni, akipakate, mpaka mama amzoee. Kavata ana kibanda chake cha mboga barabarani. Aliyekuwepo nyumbani ni Winrose. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamwekea kitoto mapajani, ile ngozi mbichi imegusa tumbo lake. Akacheka sana. "Susu, huyu amevaa jaketi!" Susu ni bibi kwa Kikamba, ndivyo anavyonita. Siku saba alikipakata hivyo. Na kila asubuhi alikunywa kikombe cha maziwa ya jike lile, mabichi, yangali na povu, kwa sababu mimi nilisema moto unaua nguvu ya kutia damu.

Mnaona? Kila mlango uliompeleka binti yule kwenye homa, niliyeufungua ni mimi.

Jumatatu hiyo nikaongozana na Kavata mpaka kwake. Nikamkuta Winrose ameketi barazani anachambua mchicha, uso umepungua, macho yameingia ndani. "Susu, shikamoo. Leo niko fiti kidogo." Alifanya kazi saluni Ukunda kabla ya kuolewa, Kiswahili chake cha mjini hakijamwisha. Nikamshika paji la uso, lilikuwa baridi. Asubuhi mzima, jioni moto. Nilimsikia Chome kichwani kama yuko nyuma yangu.

"Mtoto anacheza?" nikamwuliza.

"Anacheza. Usiku ndiyo kabisa, ananipiga mbavu."

Nikataka kusema. Wallahi nilitaka. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni: "Maziwa myachemshe kuanzia leo."

Kavata akageuka. "Si wewe uliyesema tusiyachemshe?"

"Nasema sasa myachemshe. Tena yatokote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema! Lazima kila kitu kiwe na maswali?" Nikamfokea, mtu ambaye hajanikosea chochote. Nikajitanda kanga nikaondoka, magoti yananiuma, mgongo unaniuma. Maumivu yale nilikuwa nayo tangu mwezi uliopita, pamoja na jasho la alfajiri, nami nilikuwa nimeyatwika uzee.

Jumanne nilitoka nikashike njia ya ofisini kwa Chome. Nikafika kwenye kilima cha kanisa nikakaa chini ya ukingo, nikapiga hesabu ya watakaosema na watakachosema. Sanga atadai nimemuulia mbuzi. Kavata je? Kavata, tuliyechanganya naye unga kwenye chungu kimoja mwaka wa njaa. Nikajidanganya kwamba pengine homa haitarudi tena. Nikajidanganya kwamba dawa za taifodi ndizo hizo hizo. Nikarudi nyumbani. Siku ile nzima sikuweza kumeza tonge. Kila simu iliyolia kwa jirani nilidhani ni ya msiba.

Jumatano, saa nne za asubuhi, ikalia ya kwangu. Kavata hakunisalimu. "Tumbo limeanza kukaza," akasema, na nyuma yake nikamsikia Winrose akiugua. "Kiuno kinamkata, tumbo linakaza linaachia. Mama Boga, ni mapema. Ni mapema mno! Njoo!"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye magoti mabovu, nilikimbia. Gari la kukodi lilikuwa limeshafika, Winrose kiti cha nyuma, Kavata upande huu, mimi nikaingia upande wa pili. Tukateremka kwenda Msambweni, hospitali kubwa. Kavata alikuwa anasali kwa Kikamba bila kupumzika. Winrose, kila tumbo lilipokaza, alinishika mkono akaubana. "Susu, wewe umezalisha wengi," akanambia kwa sauti ndogo. "Nitampoteza na huyu?"

Nikamwambia hapana. Nikautazama mkono wangu ndani ya mkono wake, nikauchukia.

Tulipofika walimpokea haraka, sina neno juu ya watu wale. Wakamlaza, nesi akatafuta moyo wa mtoto kwa kile chombo chao. Akatafuta upande huu, hapana. Upande ule, hapana. Kavata aliacha kusali. Kisha ukasikika, mbiombio, mbio kuliko inavyotakiwa, nesi akasema, lakini upo. Kavata akaanguka kwenye kiti akajifunika uso.

Daktari akaja, mwanamke kijana, kibao chake kimeandikwa Linet. Alisema watampa dawa ya kutuliza tumbo, lakini tumbo halitatulia ikiwa kinacholikoroga hakijajulikana. Malaria walishapima, hakuna. Mkojo safi. Akamwuliza Winrose homa ilianza lini, inakujaje, inaondokaje. Akaandika. Kisha akainua macho.

"Nyumbani mna mifugo?"

"Mbuzi," Kavata akajibu.

"Kuna yeyote aliyetupa mimba miezi hii?"

"Hapana," akasema Kavata. "Mmoja tu, naye alipigwa pembe. Hakuwa mgonjwa." Akanielekezea kidole, tena kwa fahari, masikini. "Muulize huyu. Ndiye anayezalisha mbuzi wa skimu nzima. Anajua kila zizi."

Daktari akanigeukia. Nesi akanigeukia. Winrose alikuwa bado ameshika mkono wangu, hakuwa ameuachia tangu garini.

Nawaambia, uwongo ulikuwa umeshakaa kinywani, tayari, na ulikuwa mtamu. Ningesema "kweli, ni pembe," na daktari angeendelea na swali jingine. Angetafuta kwingine. Kesho angetafuta kwingine tena. Na yule ndani ya tumbo alikuwa na siku ngapi za kungoja? Tumbo likakaza, Winrose akanibana vidole mpaka mifupa ikagusana.

"Si pembe," nikasema.

"Unasemaje?" Kavata akauliza.

"Si pembe, Kavata. Ni watano. Wangu wawili, wa Sanga wawili, na wako. Wote wametupa kuanzia mvua. Wa kwanza nilimleta mimi kutoka Taru." Sauti yangu niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine. "Daktari, huyu binti alipakata kitoto nilichokivisha ngozi mbichi ya kile kilichotupwa. Siku saba, hapa, juu ya tumbo. Na maziwa alikunywa mabichi kwa agizo langu. Chome wa mifugo alikuja Alhamisi akaniuliza, nikamficha. Jumatatu niliijua homa hii, nikanyamaza."

Daktari hakunikaripia. Laiti angenikaripia! Alimgeukia nesi akamwambia damu itolewe ipelekwe maabara sasa hivi kupimwa brusela, na waanze dawa bila kungoja. Akaniuliza kama na mimi nina homa. Nikasema nina jasho na mgongo. Akasema watanitoa damu pia.

Kavata alikuwa ameinuka. Hakupiga kelele. Alikuja upande wa kitanda nilipokuwa, akautoa mkono wa Winrose ndani ya mkono wangu, kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama katikati yetu, mgongo wake kwangu, mpaka nikatoka.

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka majibu yakatoka. Winrose anao. Mimi ninao. Nikapewa vidonge vya wiki sita, nikaambiwa nisiruke hata siku moja. Winrose walimpa vyake, vile visivyomdhuru mtoto, vyekundu, vinavyogeuza mkojo rangi ya chungwa. Nesi mmoja mwenye huruma alinipitishia habari kwamba tumbo limepungua kukaza. Limepungua, hakusema limeacha. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Alhamisi, jua halijapanda, nilikuwa mlangoni kwa ofisi ya Chome. Nikamtajia wote watano, kila zizi, kila tarehe niliyoikumbuka. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Bibi, twende, maana bila wewe sitajua pa kuanzia." Na ndivyo tulivyoanza. Yeye na sindano, mimi na ndoo ya chokaa na glavu mkononi, glavu ambazo mwanzo zilinifanya nijione kama nashika mbuzi wa mtu mwingine. Aliwatoa damu mbuzi wote wa nyumba kumi na nne. Waliokutwa nao hawakuuzwa mnadani wakaharibu wa wengine. Walichinjwa mbele ya mkaguzi, jike langu jeupe likiwa la kwanza. Tulichimba mashimo marefu kwa ajili ya makondo, tukamwaga chokaa. Nilisimama katika kila uwanja nikasema kwa kinywa changu: usipulize pua ya kitoto, usichune kilichotupwa, chemsha maziwa, na niliyewafundisha kinyume ni mimi.

Sanga alinitukana mbele ya wanawe. Mke wa Alfani alirudisha vigoda vyangu viwili alivyoazima, akaviweka njiani, hakuvitia uwanjani. Yote nilistahili, nami nilijibu inapobidi, msidhani nimekuwa malaika. Nilimwambia Sanga kwamba anitukane mimi, mama yangu amwache kaburini.

Lakini hayo yalikuwa maneno tu. Kilichokuwa kinanila ni wadi ile ya Msambweni. Kavata hapokei simu yangu. Musyoki aliomba ruhusa hotelini Diani akaja, akapita mbele ya nyumba yangu bila kugeuza shingo. Habari nilizipata kwa mafungu: leo homa haijaja, leo imekuja kidogo, leo tumbo limekaza tena wakamwongezea maji. Winrose alikaa huko wiki moja, akarudi nyumbani na vidonge vyake, akakaa kitandani kwa amri ya daktari. Nilikuwa napita njia ya juu makusudi nione kama nguo zake zimeanikwa. Zikiwa zimeanikwa, nalala. Zisipokuwepo, nakaa kitandani mpaka kunapambazuka, nasoma dua zote ninazozijua na nyingine nazitunga.

Wiki ya tano Chome akanambia, tukiwa kwenye zizi la Mwero, mkono wake umeshika shingo ya beberu. "Bibi, Winrose amejifungua juzi. Mapema kidogo. Wa kiume, kilo mbili na robo. Anapumua mwenyewe."

Nilikaa chini pale pale kwenye mavi ya mbuzi. Nikalia, na sioni haya kusema.

Nyumba ya Kavata tuliiacha mwisho. Chome alihitaji kurudia kuwapima mbuzi wake, na mimi nilikuwa nimemaliza vidonge vyangu siku mbili nyuma. Tulifika asubuhi, saa tatu hivi. Kavata alikuwa uwanjani na mtoto begani, amefungwa kwenye blanketi la manjano. Alifungua lango Chome akapita. Mimi nilipoinua mguu, akalirudisha.

Tukatazamana, lango katikati. Alikuwa amekonda. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwambia Mungu amrefushie mtoto umri, akasema amina. Mtoto alikuwa ametoa mkono mmoja nje ya blanketi, vidole vyekundu, vidogo mno. Mikono yangu ikasogea yenyewe, nikaifunga nyuma.

"Daktari alisema huwezi kumwambukiza kwa kumshika," Kavata akanambia. "Tena umemaliza dawa. Nilimuuliza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo si hilo." Akambadilisha mtoto bega. "Siku ile ulipokuwa unakichuna kile kitoto, ulikuwa unajua?"

Nikaitazama ndoo ya chokaa miguuni pangu.

"Kila mtu ananiambia hukujua," akasema. "Winrose ananiambia, susu hakujua, yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Usiku nalala nikijiambia hivyo. Basi niambie wewe. Sema hukujua, Mama Boga. Sema tu hukujua, nami nafungua."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Nilimjua Kavata. Angefungua, angenipa mtoto, tungelia pamoja, yangekwisha. Na jina la ugonjwa kweli sikulijua. Ningelisema hilo peke yake, lisingekuwa uwongo kamili. Lakini nilishaishi na maneno ya namna hiyo msimu mzima, najua yalikompeleka binti yule.

"Wako alikuwa wa tano, Kavata," nikasema. "Nilijua kuna kitu. Nilijua, nikakivisha."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha. Akakirudisha kile kimkono ndani ya blanketi, akakifunika vizuri, akageuka akaenda ndani, na mlango wa nyumba nao akaufunga. Chome alimaliza mbuzi watatu waliobaki akatoka kupitia upande wa shamba. Nikabeba ndoo ya chokaa, nikamfuata.